Dai Moja Mbele ya Wanaoweza Kulipinga

Mwanafunzi anayetafiti bahari au anga ana taabu ambayo wenzake wa masomo mengine hawaijui sana: data zake hazina mwisho. ERA5, hazina ya kituo cha hali ya hewa cha Ulaya, inampa upepo, joto na mgandamizo wa hewa wa dunia nzima, saa kwa saa, kuanzia mwaka 1940. Satelaiti ya Aqua ilianza kupiga picha za bahari mwaka 2002. Maboya ya Argo, yapata 4,000 duniani kote, huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 yakiwa na vipimo vya joto na chumvi. Yote hayo ni bure kwa mwenye intaneti. Kisha mwanafunzi huyo anaambiwa: una dakika 12 za kusema na 3 za maswali.

Katika miaka yangu ya uzamili hapa Zanzibar nilikuwa nikisimama mbele. Siku hizi mara nyingi nakaa upande wa pili, pamoja na wanaouliza na kutoa alama. Pande zote mbili nimeliona jambo lile lile. Wasilisho linalobaki vichwani mwa watu ni lile lenye dai moja, lililosemwa waziwazi mbele ya watu wenye uwezo wa kulipinga. Ramani, vifaa, usiku uliokesha ukikokotoa, vyote vipo pale kulibeba dai hilo. Kisicholibeba kikae nyumbani.

Utafiti wangu ulihusu bahari iliyopo kati ya Pemba na bara. Unguja imekaa juu ya ukingo wa bara, na maji kati yake na Bagamoyo yana kina cha makumi ya mita tu. Pemba ni habari nyingine: bonde linaloitenga na bara lina kina cha mita 800 hivi. Humo hupita mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao chanzo chake ni maji yanayokuja kutoka mashariki ya Bahari ya Hindi, yakagonga bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, yakagawanyika. Mengine yakaenda kusini, mengine yakaja kwetu. Mkondo huu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo unausukuma, nao hukimbia kweli. Wakati wa kaskazi upepo unaukabili, unalegea, na huko juu pwani ya Kenya unakutana na mkondo wa Somalia uliogeuka kushuka kusini, kisha mikondo yote miwili hupinda na kuelekea bahari kuu. Manahodha wetu wanayajua mengi ya haya bila satelaiti. Nilichotaka kujua ni kinachotokea kwa joto la maji ya juu, na kwa chakula cha dagaa, katika miaka ambayo kaskazi inavuma kwa nguvu kuliko kawaida.

Kabla sijafungua kompyuta kuandaa slaidi, msimamizi wangu alitaka nimweleze nilichokiona kwa sentensi moja, bila neno "kuchunguza" wala "kutathmini" ndani yake. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Tumezoea muundo wa tasnifu: utangulizi, tatizo la utafiti, malengo mahsusi, mapitio ya machapisho, eneo la utafiti, mbinu. Ukiupeleka muundo huo jukwaani, dakika 6 zinakwisha kabla hujasema lolote ambalo msikilizaji angeweza kulibishia. Hatimaye nilipata sentensi yangu: "Katika miaka ya kaskazi kali, maji ya juu magharibi mwa Pemba hupoa chini ya kawaida ya msimu huo." Nikaiweka kwenye slaidi ya kwanza, mahali ambapo wengi huweka nembo za chuo. Kuanzia hapo kila slaidi nilikuwa naiuliza swali moja tu: je, unaisaidia sentensi hii? Nyingi zilijibu hapana, zikaondoka, hata zile zilizonigharimu wiki nzima.

Wasilisho bora kabisa la mwanafunzi nililopata kulisikia lilikuwa la msichana mmoja wa hali ya hewa, na lilihusu mvua za vuli. Alisimama na miaka mitatu tu. Mwaka 1997 ulikuwa na El Niño kali, yaani maji ya Pasifiki yalikuwa yamepata joto kupita kawaida, na Bahari ya Hindi nayo ilikuwa imeelemea: upande wetu wa magharibi maji ya moto, upande wa Sumatra maji ya baridi. Vuli yake ilileta mafuriko ambayo wazee bado wanayasimulia. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zile kali zaidi kuwahi kupimwa, lakini Bahari ya Hindi haikuelemea sana, na vuli ya mwaka huo haikuikaribia ile ya 1997. Halafu 2019: Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, huku Bahari ya Hindi ikiwa imeelemea kwa kiwango kilichoonekana mara chache sana. Mvua zikamwagika kuanzia Oktoba, mafuriko yakaikumba Afrika Mashariki, na majani yaliyoota Pembe ya Afrika yakawalisha nzige. Dai lake lilikuwa hili: ukitaka kuikisia vuli, itazame kwanza Bahari ya Hindi, kisha ndipo uitazame Pasifiki.

Alieleza pia, kwa sentensi mbili tu, kwamba tabia hiyo ya bahari yetu kuelemea upande mmoja ilielezwa na kupewa jina mwaka 1999 katika jarida la Nature, na watafiti wakiwemo N. H. Saji na Toshio Yamagata. Sikuona anayesinzia. Ila kilichonifanya nimheshimu kilikuja kwenye maswali. Mtu mmoja nyuma alisema, miaka mitatu ni michache, yeyote anaweza kuchagua mitatu inayompendeza. Yule binti hakubabaika. Alifungua slaidi ya akiba yenye vuli zote kuanzia 1981, kila mwaka nukta moja, na ile miaka iliyokwenda kinyume na dai lake alikuwa ameizungushia duara mwenyewe. Akasema, "Hii ndiyo inayonisumbua, na hii hapa bado sina maelezo yake." Ukumbi ulitulia. Aliyeuliza aliridhika, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa juu ya zile nukta zenye duara. Hapo ndipo sayansi ilipokuwa.

Tangu siku ile huwaambia wanafunzi: slaidi za akiba ziandae kwa moyo ule ule unaoandalia za mbele. Jiulize ni swali gani unalolihofia kuliko yote, kisha lichoree picha.

Nizungumzie rangi, kwa sababu katika fani yetu ramani ndiyo hoja. Programu nyingi za zamani zilikuwa zikichora joto la bahari kwa rangi za upinde wa mvua: buluu, kijani, njano, nyekundu. Zinavutia, na zinapotosha. Jicho la mtu huiona njano kama kitu kinachong'aa kupita jirani zake, kwa hiyo pale njano inapoanza kunaonekana mpaka, kana kwamba maji mawili tofauti yamekutana. Nimeona ramani ambayo "mpaka" wa namna hiyo ulikuwa tofauti ya sehemu chache za kumi za nyuzi, sawasawa na tofauti iliyokuwapo ndani ya kijani bila yeyote kuiona. Msikilizaji anatoka ukumbini akiamini kuna ukuta baharini ambao haupo. Zaidi ya hapo, wapo wanaume wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, nao hukaa kwenye viti hivyo hivyo. Leo zipo paleti zinazopanda kutoka giza kwenda mwanga kwa kipimo kilicho sawa, na kuzitumia ni kuandika neno moja tu kwenye msimbo. Ukionyesha tofauti na kawaida, weka nyeupe katikati kwenye sifuri, buluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili, na mizani iwe na ukubwa sawa pande zote. Ukiwa na ramani mbili za kulinganishwa, zitumie mizani moja. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu wa ukumbini hana sekunde za kusoma namba ndogo pembeni. Anaamini macho yake, nasi tuna wajibu wa kutoyadanganya.

Wajibu huo unafika hadi kwenye takwimu. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyezoea kumuuliza kila mwanafunzi mwenye grafu ya vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja: "Ukiondoa kile kimoja ukaweka wingi wa embe sokoni, utapata nini?" Swali lake lina uzito wote unaostahili. Kwetu karibu kila kitu kinafuata misimu. Kaskazi inakuja, joto la bahari linapanda, embe zinaiva, mchana unarefuka kidogo. Ukichukua viwili vyovyote kati ya hivyo bila kuondoa mzunguko wa mwaka, utapata uhusiano mzuri kabisa wa kitakwimu, na hutakuwa umejifunza chochote kuhusu bahari. Kwanza ondoa wastani wa kila mwezi, ubaki na kile kilichozidi au kupungua kwa mwezi ule katika mwaka ule, kisha ndipo ulinganishe. Uhusiano utakaobaki utakuwa mdogo. Huo mdogo ndio wako.

Mwalimu huyo alikuwa na swali la pili. Miaka 20 ya data za kila mwezi ni nukta 240, na mwanafunzi huzihesabu kama mashahidi 240. Lakini bahari husahau polepole. Maji yaliyokuwa ya moto Januari kwa kawaida yatakuwa ya moto Februari pia, hivyo shahidi wa Februari amesikia mengi kutoka kwa yule wa Januari. Mashahidi wa kweli wanaojitegemea ni wachache kuliko nukta. Anayelijua hili hupunguza hesabu yake mwenyewe kabla ya kuambiwa, na anapolisema mbele ya watu sauti yake huwa tofauti, kwa maana anajua sakafu anayosimama ni ngumu kiasi gani.

Kuna pia suala la maneno "kamwe" na "daima". Mwanafunzi mmoja aliulizwa kwa nini vimbunga vya kitropiki havitufikii. Alianza vizuri: karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia ni hafifu, kwa hiyo vimbunga huundwa kwa nadra sana ndani ya nyuzi 5 za kila upande, na Madagaska nayo hukinga sehemu ya njia. Kisha akamalizia, "kwa hiyo pwani yetu havifiki." Mzee mmoja wa idara ya hali ya hewa, mstaafu, aliinuka taratibu akasema kwamba Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Haikupita miaka mingi baada ya wasilisho hilo, kimbunga Kenneth kikapiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, si mbali sana na mpaka wetu, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja hadi Mafia. Kila nikiyakumbuka maneno ya yule mzee nawahimiza vijana waseme "kwa nadra". Neno hilo lina gharama ndogo, na kuna watu watakaoamua kuingia au kutoingia baharini kwa kutegemea walichokisikia kwetu.

Mambo ya ufundi nayapitia haraka, kwa sababu yanafundishika kwa mchana mmoja. Fanya mazoezi mbele ya mtu asiye wa fani yako, na umwombe akurudishie dai lako kwa maneno yake. Beba slaidi zako kwenye flashi kwa mfumo wa PDF, maana kompyuta ya ukumbini haina fonti zako. Unapoonyesha grafu, taja kwanza mhimili wa chini ni nini na wa kusimama ni nini, kisha ndipo useme inaonyesha nini. Kama ni bango, mtu asimame mita mbili mbali na aweze kusoma dai lako bila kukuuliza. Na usizidishe dakika: anayefuata naye amekesha.

Sasa nije kwenye kile kilichobadilisha kazi yangu kuliko kongamano lolote. Baada ya kutetea tasnifu nilitaka kuyarudisha matokeo kwa watu ambao data za mavuno yao nilizitumia. Nikaomba nafasi kwa bwana diko, msimamizi wa mahali vyombo vinapotua, wa bandari moja ndogo ya kaskazini mwa Unguja, wanakotua dagaa. Projekta haina kazi mchana wa jua, kwa hiyo nilichapisha ramani kubwa nikazitandika juu ya turubai, zikashikiliwa na mawe. Nilikuwa nimeweka juu yake Tumbatu, Ras Nungwi na Ras Kigomasha, kwa sababu latitudo peke yake isingemsaidia mtu pale kujua tuko wapi.

Niliwaamkia wazee, nikaanza na sentensi yangu ile ile moja. Waliipokea bila mshangao. Mmoja alisema kaskazi ikikaza hata mguu unaisikia baridi ya maji ukishuka chomboni. Kisha nikawaonyesha grafu ya mavuno ya dagaa kwa wastani wa kila mwezi. Nahodha mmoja mtu mzima aliiangalia muda mrefu.

"Mwanangu, hii ni miezi gani?"

"Januari, Februari, Machi, hivyo, mzee wangu."

"Sisi tunavua kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaji kwenye taa, tunalala nyumbani. Hizo siku tulizolala umezitia humu?"

Nilimweleza namna wastani ulivyotengenezwa, kwamba mavuno yote ya mwezi yamegawanywa kwa siku zote. Akasema mwezi wangu una siku 30 au 31, na mwezi wanaovua wao una 29 au 30, na kwamba ikitokea upepo mkali umevuma katika zile siku za giza ndipo wanapopoteza. Ukivuma wakati wa mbalamwezi hawapotezi kitu, kwani walikuwa wamelala hata hivyo. Ilikuwa hoja ya takwimu iliyokamilika. Upepo wa wastani wa mwezi hauwezi kueleza mavuno ya watu ambao wako baharini sehemu tu ya mwezi huo, na sehemu yenyewe inahama kila mwezi wa kalenda. Tulirudi ofisini tukazigawa upya data kwa usiku wa giza na usiku wa mwezi, kwa kuhesabu tangu mwandamo. Kuanzia hapo grafu ya mavuno ikawa kitu ambacho manahodha wenyewe wangeweza kukisoma.

Wakati wanaume wakibishana juu ya upepo, wanawake waliokuwa kwenye masufuria walikuwa wakisikiliza. Wao ndio wanaowanunua dagaa asubuhi, wanawachemsha kwa maji ya chumvi na kuwaanika, kisha mzigo unakwenda Dar es Salaam na mwingine unafika hadi Kongo. Mama mmoja aliniuliza, "Haya ya baharini tumeyasikia, mwanangu. Na jua je?" Akaeleza: dagaa aliyechemshwa akikosa jua anaharibika, na mvua ya ghafla saa nne asubuhi inaweza kula mtaji wa wiki. Wingi wa samaki majini haumsaidii kama mawingu yatakuja baada ya yeye kulipa. Anachokihitaji ni kujua, usiku wa kuamkia siku ya kununua, kama asubuhi itakuwa kavu.

Sikuwa na slaidi ya akiba ya swali hilo, na nilimwambia hivyo hivyo: utafiti wangu haujibu hili. Lakini nililiandika kwenye daftari, neno kwa neno kama alivyolisema, nikalisoma kwenye kikao chetu cha wanafunzi wiki iliyofuata. Mmoja wao alilichukua. Anatumia makadirio ya mvua yaitwayo IMERG, yanayotokana na satelaiti kadhaa na kutoka kila nusu saa kwa vipande vya kilomita kama 11, anayalinganisha na kipimo cha mvua alichokifunga juu ya paa la banda la kuanikia. Tayari ameona ugumu: manyunyu ya asubuhi yanayotoka baharini huwa membamba kuliko kipande kimoja cha satelaiti, na banda moja linaweza kulowa huku la jirani likibaki kavu. Ameshaandika sentensi yake ya slaidi ya kwanza na kuifuta mara kadhaa. Ile ya sasa inasema kwamba upepo wa saa za usiku unaashiria mvua ya asubuhi vizuri kuliko mawingu ya jioni. Atawasilisha kwa wanawake wa diko kwanza, halafu kwa walimu, na ameomba mama yule yule akae mstari wa mbele.